Kilo Moja Iliyopungua Kwenye Pipa

Kibera, Nairobi

Kwako mke wangu, Mama Akinyi,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani. Watoto hawajambo? Na mguu wa mama yako umepata nafuu? Mimi ni mzima wa mwili, ila nina uchungu moyoni na sitakuficha.

Najua binamu yenu wa Kawangware amekwisha kuwaandikia kwamba kaka yako Ochieng amefukuzwa kazi kwa wizi, na kwamba siku hizi ni mlevi. Yule mdomo wake hauna mlango. Nisikilize mimi ninayefanya kazi naye.

Pale kwenye bohari ya mafuta tunatia petroli dawa yenye madini ya risasi, ili injini zisigonge. Ni sumu kali. Hesabu yake si ngumu: unazidisha kipimo cha galoni moja kwa galoni zilizo ndani ya tanki, unapata uzito wa dawa inayotakiwa. Ochieng ndiye alikuwa akiimimina kwa ndoo yenye alama, na pipa la dawa hupimwa kwenye mizani kabla na baada. Siku ile hesabu ilitaka kilo arobaini. Akamimina arobaini kwa alama za ndoo, lakini pipa likaonekana limepungua arobaini na moja.

Msimamizi akamwita mbele yetu. "Hii kilo moja umeuzia nani?"

"Bwana, hiyo ni sumu. Nani atanunua?"

"Si wewe ndio uniambie."

Ndoo ile inavuja, na tumeomba ibadilishwe mpaka tumechoka. Ovaroli ya Ochieng ilikuwa imelowa hadi magotini. Hiyo kilo wanayoitafuta alikuwa ameivaa, na mvuke wake ameuvuta kwa pua. Wakamfukuza siku hiyo hiyo.

Sasa hapati usingizi, mikono inamtetemeka, anajikung'uta siafu ambao hawapo. Jirani yetu ananiambia, "Hiyo ni chang'aa tu, mpeleke kwao." Ochieng hajaonja hata tone la pombe hiyo. Nina hasira.

Jumamosi nampandisha basi. Nenda kwenu kabla hajafika, umsomee mama barua hii. Ochieng asiulizwe habari ya wizi. Apelekwe hospitali ya misheni, na daktari aambiwe ni dawa ya petroli. Nguo zake za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto. Zifukiwe mbali na kisima.

Nisalimie mama mkwe, na mjomba wako mwenye kinu cha kusaga, na Akinyi wangu, mwambie asome kwa bidii.

Kazi ya Ochieng kwenye pipa nimepewa mimi. Nimeikubali, kwa maana anayekataa anaonyeshwa geti. Ndoo ni ile ile. Jana pipa limepungua tena kuliko hesabu, na msimamizi ameanza kuniangalia.

Ni mimi mumeo,
Baba Akinyi