Bila Muhuri Hakuna Dawa

Bariadi,
14 Mei 2003

Kaka yangu Luhende,

Naanza na lile zito kabla sijakuamkia, maana najijua, nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Nimekukosea, kaka. Nimekukosea wewe, na mkeo Stephania nimemkosea zaidi. Kwa hiyo wale ng'ombe wa mahari, nakuomba usiende kuwadai kwa wakwe zako kabla hujamaliza kusoma karatasi hizi.

Sasa shikamoo. Vipi hali yako hapo Nyashimo, na kile kifua kimetulia? Nasikia dagaa wamekuwa wa shida, lakini najua mtu kama wewe hakosi cha kuuza. Huku tupo. Felisita hajambo na watoto wanasoma. Mama miguu inamsumbua, siku hizi anakaa tu hapo mlangoni na kila anayepita anamwuliza kama amekuona. Mvua ilikatika mapema, pamba imebaki fupi, mwaka huu watu watalia. Mimi mwenyewe ni mzima wa mwili. Usingizi ndiyo sina.

Barua yako aliniletea Joakim, yule kondakta. Umeandika kwamba wazee wamekubali, na Jumamosi ya tarehe 31 mtakwenda Shishiyu kwa Mzee Jilala, ng'ombe warudi na ndoa iishe kabisa. Umeandika kwamba huwezi kukaa na mwanamke aliyemzungusha mtoto kwa waganga mpaka akafa, halafu akamsingizia ndugu yako. Ukamalizia kwa kunishukuru kwamba siku ile nilisimama upande wako. Hapo ndipo niliikunja barua nikaiweka chini ya godoro, na chakula cha usiku huo sikukila.

Naomba unipe nafasi nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka duka la dawa la Athanasi lilivyokuwa nilipoanza kazi. Biashara ilikuwa imeshafunguliwa, kila mwenye mtaji anaweka duka, matajiri wanajenga viwanda vyao vya pamba, na mwajiri wako wa wakati ule, mwenye kiwanda, akaja kuandikiana mkataba na bosi wangu. Mfanyakazi au mkewe au mtoto akiugua, anapimwa kwenye zahanati ya kiwanda. Zahanati ikiwa haina dawa wanamwandikia cheti, cheti kinagongwa muhuri ofisini, anakuja kwetu anachukua dawa bila kutoa hela. Mwisho wa mwezi tunapeleka madai na kiwanda kinalipa. Kwa maneno ilikuwa safi sana.

Kumbe kulipwa ni kazi kuliko kuuza. Tulikuwa tunapeleka madai yanarudi yamekatwa nusu. Hiki cheti hakina muhuri, hiki umri wa mgonjwa haukuandikwa, hiki dawa iliyoandikwa siyo mliyotoa. Na hiyo nusu iliyobaki ilikuwa inalipwa baada ya miezi mitatu. Yule muuzaji wa jumla wa Mwanza akakataa kutukopesha. Rafu zikabaki na vidonge vya kichwa na dawa ya minyoo. Athanasi akawa anatucheka sisi na yeye mwenyewe, anasema tumekuwa kama misheni, tunagawa dawa bure, tofauti ni kwamba misheni ina watu Ulaya wa kuitumia hela. Siku moja akaacha kucheka. Akaniambia nisipotafuta njia, mimi na Matilda, yule mwenzangu wa kaunta, tukatafute mashamba ya kulima.

Nikatafuta njia. Nilikuwa najaza fomu ya madai palepale dawa inapotoka, mgonjwa bado amesimama, sikungoja mwisho wa mwezi. Kila cheti nakikagua mstari kwa mstari. Nikabandika kwenye ukuta karatasi kubwa ya wino mwekundu: BILA MUHURI HAKUNA DAWA. Baada ya miezi michache madai yote yakawa yanalipwa, hakuna linalorudi. Duka likajaa, likapata friji. Bosi akaniongeza mshahara, na kila mgeni akawa anaelezwa kwamba huyu Mayunga huyu, hata ndugu yake wa tumbo moja akija bila muhuri, hapati kitu. Mimi nilikuwa nacheka na kuitikia kwamba ndiyo, hata ndugu yangu. Nilikuwa nalipenda hilo neno, kaka, sikudanganyi.

Mwezi uliopita wenye maduka ya dawa walikutana Maswa. Athanasi akanipeleka niwaeleze wenzetu tunavyodai mpaka tunalipwa. Nikasimama, nikaeleza vizuri, watu wanaandika. Akanyoosha mkono mama mmoja wa Lamadi, anaitwa Winnie, mtu wa utani mwingi. Akasema mwalimu, tumekusikia, sasa tuambie ukweli, hata mtoto wa kaka yako akiletwa mgongoni bila muhuri? Alikuwa anatania tu, hanijui, hajui lolote. Athanasi akawahi kunijibia kwa sauti kwamba hata huyo, muulizeni! Ukumbi ukacheka, wakapiga makofi. Na mimi nikatabasamu. Nilitabasamu, kaka, nikaketi.

Sasa nakuambia.

Stephania hakudanganya. Alikuja dukani ile Ijumaa, kama alivyosema. Wewe ulikuwa kwenye kituo cha kununulia pamba na mizani yako, na yule karani wa ofisini mwenye kushika muhuri naye alikuwa ametoka na gari la kulipa wakulima, harudi mpaka Jumatatu. Alikuja asubuhi na Mhoja mgongoni. Cheti kimeandikwa sindano za kwinini, sahihi ya daktari ipo, muhuri haupo. Nilimgusa mtoto shingoni, alikuwa anawaka. Nikamwambia shemeji, nenda ofisini wakakugongee. Akaniambia ofisi imefungwa, ametoka huko. Nikamwambia angojee kidogo, nikaendelea kuhudumia wenye hela. Alingoja mpaka mtoto akatapika, akainama akafuta sakafu kwa kanga yake, akatoka kwenda kujaribu tena huko kiwandani.

Alasiri nilimwona anarudi, yuko ng'ambo ya barabara anasubiri lori lipite. Nikaingia stoo. Nikamwambia Matilda aseme nimekwenda Mwanza kufuata dawa. Nilisimama nyuma ya maboksi na nilisikia kila kitu. Hakugomba wala hakulia. Alisema, "Haya, mayu, mama yangu. Akirudi mwambie baba mdogo wa Mhoja kwamba tumepita." Matilda akamnunulia panadoli kwa hela yake. Nilipotoka stoo, Matilda aliniambia kwamba hajui nitamtazamaje yule mtoto akishakuwa mkubwa. Mwisho wa mwezi akaacha kazi akahamia Maswa.

Utasema niliogopa kufukuzwa. Ningetamani iwe hivyo. Ile Ijumaa ilikuwa siku ya mshahara. Hela ilikuwa mfukoni, ningelipia zile sindano taslimu na nikabaki na nyingine, na Athanasi asingekuwa na neno. Nilikuwa nimeipangia mabati. Nikawaza nikimpa huyu leo, kesho ukoo mzima utakuja na vyeti visivyo na muhuri, na lile jina langu litakuwa limekwisha. Hicho ndicho nilichowaza. Hakuna kingine.

Ile mizizi mliyoikuta kitandani alipewa na jirani Jumamosi, baada ya mimi kumkimbia, na baada ya yeye kuzunguka mtaa mzima kuomba mkopo. Kwa mganga hakwenda hata siku moja. Mhoja alikata roho Jumapili alfajiri.

Halafu wewe ukafika na lori la kiwanda, na vumbi lako, ukaniuliza mbele ya wazee kama ni kweli alikuja kwangu. Nikakujibu kwamba mtu aje kwangu na mtoto wa ndugu yangu, mimi nimnyime? Sikumwona. Mama akasema mwanaye huyu hajawahi kusema uongo. Stephania alinitazama. Nilidhani atanirukia, nami nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya kumjibu. Hakusema kitu. Aliketi chini pale kwenye majivu ya moto wa matanga, na tangu siku hiyo kila mtu akauchukua ule ukimya kuwa ndiyo jibu. Ulipomrudisha kwao nilimbebea sanduku mimi mpaka stendi, na njia nzima hakuniuliza kwa nini.

Sikuombi unisamehe, sijui hata ningeombaje. Ukitaka kunipiga, njoo. Ukitaka nisiitwe tena ndugu yako, waambie wazee na sababu uwape hii barua waisome. Mama nitamwambia mwenyewe Jumapili hii baada ya kanisa, asije akaisikia kwa watu. Athanasi nimeshamwambia. Aliinuka akaibandua ile karatasi ukutani. Sijui atanibakiza au hapana.

Nisalimie wenzako wote hapo sokoni, na Masalu, na mzee mwenye nyumba. Felisita anakuamkia, yeye nilimweleza jana. Watoto wanakuamkia, hawajui kitu. Mama naye anasema ujitunze kifua.

Jumamosi ya tarehe 24, wiki moja kabla ya safari yenu, nitakuwa Shishiyu nyumbani kwa Mzee Jilala. Nimemtumia ujumbe Matilda tukutane Maswa ili awe shahidi, nisije nikafika nikapunguza. Nitamwomba mzee awaite majirani na wote waliosikia kwamba binti yake alimuua mtoto. Nitasema nilivyokuandikia hapa, pamoja na ile habari ya stoo, mbele ya Stephania mwenyewe. Sitamwomba arudi, hilo ni lake. Nitasema kwamba alikuja mara mbili, na kwamba nilikuwepo.

Ni mimi mdogo wako,
Mayunga