Jina la Skola Kwenye Spika

Kaka Gervas,

Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwuliza. Naogopa. Tangu Jumamosi naogopa.

Tulipotoka kukuzika kule Majimoto, Paroko alinikabidhi miksa yako na spika zote za kwaya. Wanakwaya walicheka, mwanamke na spika wapi na wapi. Sasa wamezoea. Mama hajambo, mpunga amevuna kiasi, ila akipakua chakula bado anakutengea, kisha anakumbuka.

Unakumbuka miksa ilipotumwa na wale marafiki wa Paroko wa Ulaya? Ulijifungia nayo sakristia ukibonyeza kimoja kimoja, ukashangaa kukuta eko imo humohumo ndani, hakuna tena kuunganisha kile kiboksi cha zamani kilichokuwa kinakoroma kuliko Baba. Ukapiga kofi mbele ya maiki, na sauti ikajirudia, ikatembea utadhani tuko kwenye kanisa la maaskofu. "Kila kitu kimo humu, mdogo wangu." Halafu ukanionya: "Eko ni ya wimbo. Mtu akianza kusema, itoe." Nami nilikuwa naitoa, Kaka. Kidole kilikuwa kinasubiri neno la mwisho la wimbo, kama chako.

Jumamosi tulikuwa na msiba Misunkumilo, wa Bibi Anastazia. Kwaya iliimba, nikaitoa eko, mwanawe mkubwa akashika maiki asome wasifu. Wazee wao hawapendi jina la mtoto mdogo litajwe mbele ya jeneza, wanasema marehemu anaweza kutaka wa kumsindikiza. Yeye ni msomi, akasema atawataja wajukuu wote. Alipokaribia mwisho wa majina, jenereta likazima.

Likawashwa tena, na miksa ikaamka upya. Ikaamka na ile mipango uliyoihifadhi wewe, eko yako ndefu ya wimbo wa komunyo. Mimi nilikuwa chini ya meza nabana waya uliolegea. Yule baba hakunisubiri. Akasema, "Na wa mwisho, Skola."

Skola, Skola, Skola, Skola. Likawa linapungua na kwenda mbali, likapita juu ya jeneza, likaishia kwenye mihogo ya jirani. Akina mama waliwabeba watoto wao wakaondoka kimya kimya, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Jumatatu Skola akashikwa na homa. Amelazwa. Daktari kasema malaria, na kwa mvua hizi nusu ya Mpanda ina malaria. Nayajua hayo, nimefika kidato cha nne. Lakini na wewe walituambia ni malaria tu.

Mama yake Skola alinifuata kanisani. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliniuliza, "Dada Tekla, jina la mwanangu nyie mmelipeleka wapi?" Watu wenyewe wanasema dunia inaisha mwaka elfu mbili, imebaki miezi, kila mmoja anatafuta dalili. Mimi nimewapa yao.

Wazee wameamua kesho nirudishe spika palepale uwanjani. Mama yake Skola amwite mwanawe kwenye maiki mara moja, kumrudisha kutoka kwa marehemu, na jina lisijirudie. Paroko hakusema ndiyo wala hapana, amenipa ufunguo wa sakristia tu. Nitaenda. Ila jenereta ni lilelile, na likizima miksa itaamka tena na mkono wako. Dawa yake ni moja, kuhifadhi mipango mingine juu ya ile yako.

Na sitaki. Nguo zako zimegawanywa. Baiskeli anaipanda mtu mwingine. Ile eko ndiyo kitu pekee kilichobaki vilevile ulivyokiacha. Kila Jumapili kwaya ikiimba komunyo nafumba macho, ni kama uko nyuma yangu unanung'unika kwamba besi zimezidi. Leo mchana nimekaa mbele ya kile kioo cha miksa, nikabonyeza, kikaniuliza kama nina hakika. Nikazima kila kitu nikaja kukuandikia.

Nitafanya, Kaka. Nakuahidi. Asubuhi kabla hatujapakia spika nitaifuta, hata kama nitakuwa nalia, ili mtoto wa watu asibaki akiitwa na sauti yako. Usidhani nimekufuta wewe.

Lala salama. Mama nitamtunza. Na kesho, mama yake akimwita Skola, ukilisikia hilo jina huko uliko, tafadhali usiitike. Nyamaza tu. Mwache mtoto aitike mwenyewe.

Mdogo wako,
Tekla