Nguo Zangu Zinakaa Sawasawa

3 Februari

Wifi yangu Sindano,

U hali gani, na sikio lako je? Huku sote wazima. Kaka yako amekusalimu kwa kupiga kelele mpaka jirani akaitikia, nikamkumbusha kwamba tunaandikiana barua kwa sababu kelele za vyerehani vya kiwandani zilishakumaliza masikio, na karatasi haihitaji kupigiwa kelele. Gauni la kijani limefika. Nililivaa kazini Jumatatu, mkuu wa maktaba akaniuliza nani fundi wangu. Nikamwambia ni siri ya ukoo.

Sasa kaa chini, weka na mkasi chini. Nimekwenda hospitali. Nilikuwa nikipanda ngazi na vitabu nasimama mara mbili kupumua, nikadhani ni umri, lakini nina miaka arobaini na moja, si mia. Wakanipiga picha ya mgongo. Daktari akaibandika kwenye taa, na wifi, niligeuka nyuma kuangalia kama kuna mgonjwa mwingine ameingia. Uti wa mgongo ulikuwa umejikunja kama herufi S. Nikamwambia daktari amekosea faili. Akanionyesha jina, ni langu.

Unajua nimepinda tangu usichana. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, daktari wa wakati ule aliniambia nisiogope, ila nguo zikianza kukaa upande, bega likishuka au pindo likipanda, nirudi haraka. Maisha yangu yote nimejitazama kwenye kioo kwa ajili ya hilo, na nguo zangu zinakaa sawasawa. Kwa hiyo huyu wa sasa aliponiuliza kama mgongo unaendelea kupinda, nilimjibu bila kusita kwamba haujasogea. Picha ya zamani imepotea, anategemea neno langu tu. Anasema sasa umepinda kwa nyuzi sitini na nane. Kama umetulia, tunaweza kuuacha, maana upasuaji wake ni mkubwa: skurubu, vyuma viwili virefu, na hatari ndogo ya miguu kukataa kutembea. Kama unaendelea, pafu litazidi kubanwa na hakuna la kusubiri. Anataka jibu tarehe ishirini.

Naelekea kukataa kisu. Nipe neno lako.

Wifi yako,
Bibi Kimya

8 Februari

Bibi Kimya wangu,

Salamu kwako na kwa huyo kaka yangu mwenye mdomo. Mimi mzima, sikio lilelile.

Nyuzi sitini na nane! Mimi hutumia mbili tu, wa juu na wa chini, na gauni linasimama. Huyo daktari anashona nini? Haya, nimeelewa kwamba hizo ni nyuzi za kupimia pembe, usinicheke. Mimi ni fundi wa nguo, mambo ya mifupa siyajui. Ukiona ukatae, kataa. Wateja wamenijaa mlangoni, nitakuandikia vizuri siku nyingine.

Wifi yako,
Sindano

Hivi yule daktari wa kwanza alisema nguo? Alitaja nguo kabisa?

10 Februari

Wifi yangu,

Barua ya juzi ichane. Wateja hawakuwa wamejaa, nilikuwa peke yangu na barua yako. Sitakuuliza hali wala sitakutania. Nisomee hii mpaka mwisho.

Nguo zako zinakaa sawasawa kwa sababu mimi nazikata zikiwa zimepinda.

Nilianza na gauni la kwanza nililokushonea, mwaka ule ulipoolewa. Niliona bega la kushoto liko chini kidogo, nikaweka sponji nene upande huo na jembamba upande wa pili. Upande wa kulia nikaukata mrefu zaidi kwa sentimita mbili ili pindo lisipande. Nikasema moyoni, wifi yangu hataonekana hivi mbele ya watu. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa mgeni kwetu na nilikuwa nakupenda, basi.

Kila mwaka ulipokuja kupimwa, niliandika kwenye daftari. Mwaka wa kwanza tofauti ya kulia na kushoto ni sentimita mbili. Mwaka wa tano, mbili na nusu. Mwaka wa tisa, nne. Mwaka jana, sita na nusu. Ndiyo maana kila nilipofika kiunoni nilikuchekesha. Nilitaka uangalie uso wangu usiangalie utepe. Nilipunguza na kuongeza, nikahamisha na vishikizo. Niliacha kukushonea vitambaa vya mistari, nikakudanganya kwamba havikupendezi.

Sikujua daktari alikuambia uziangalie nguo. Naapa, sikujua. Nilidhani mgongo wako unaujua mwenyewe na unautunza na madaktari wako, na kazi yangu ni heshima yako tu.

Mgongo wako unapinda, wifi. Umekuwa ukipinda miaka kumi na minne, na mimi ndiye niliyekuziba macho. Nimenakili namba zote, ziko ndani ya bahasha hii. Mpelekee daktari kabla ya tarehe ishirini. Nichukie baadaye, kwanza mpelekee.

Wifi yako, kama bado unaniita hivyo

18 Februari

Nilisoma barua yako nimesimama jikoni, nikakaa sakafuni.

Nikatoa magauni yote kabatini, hakuna hata moja lisilo la mkono wako. Nilijua yana sponji mabegani, nilidhani ni fasheni na kwamba yako sawa pande zote mbili. Nikachana mabega ya lile la kijani. Kulia ni jembamba kama kitambaa cha kufutia miwani, kushoto nene kama kipande cha mkate. Nikaenda kwa jirani nikaazima blauzi ya dukani, nikaivaa mbele ya kioo. Mwanamke niliyemwona, bega lake moja lilikuwa limeanguka na blauzi imejikusanya kiunoni upande mmoja. Nilipiga kelele. Kaka yako alikuja mbio akidhani nimeungua.

Nikamwuliza, wewe umeniona bila nguo miaka yote hii, mbona hukusema? Akasema, "Mimi nilikuona wewe tu, mgongo sikuuhesabu." Nusura nimrushie sufuria.

Nimempelekea daktari karatasi yako. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza huyu fundi yuko hospitali gani. Nikamwambia wewe ni fundi cherehani. Akasema hajawahi kupata vipimo vilivyotunzwa hivi. Halafu akasema hakuna tena la kusubiri.

Nitapasuliwa tarehe sita Machi. Naogopa. Usije. Nikikuona nitasema maneno ambayo hayafutiki, na nguvu hizo nazihitaji kwa kitu kingine.

B.K.

22 Februari

Wifi,

Salamu. Sitakuja, kwa kuwa umesema nisije.

Nimekushonea kanzu tatu za kulalia. Zinafunguka mbele kwa kamba kutoka shingoni hadi chini, maana nilimtafuta mama mmoja wa sokoni aliyewekewa vyuma mgongoni miaka sita iliyopita, nikamwuliza kila kitu. Anasema hutaweza kuinua mikono kuvaa kichwani, wala kuinama. Anasema ununue viatu vya kutumbukiza mguu tu, na kitanda kiinuliwe. Anasema siku ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, utataka kumtukana kila mtu, watukane. Anasema usijaribu kuwa shujaa, omba dawa kabla maumivu hayajapanda. Yeye sasa anabeba wajukuu.

Kanzu sikuzipima kwa daftari. Sijui utatoka na mwili gani. Zimekatwa nusu mbili sawasawa, hazina sponji.

Siombi unijibu.

Wifi yako,
Sindano

15 Machi

Wifi yangu,

Siku tisa. Kaka yangu ameleta ujumbe wa neno moja tu: "Ametoka." Ametoka wapi? Chumba cha upasuaji? Hospitali? Duniani? Nilimpigia, nikasikia kama mtu anakaanga kitu, halafu ikakatika. Huyu mtu tulimlea vibaya.

Jana nilikata suruali ya mteja ikawa na miguu miwili ya kushoto. Miaka thelathini kazini sijawahi. Mteja alinitazama, nami nikalia mbele yake.

Mwambie mtu yeyote aniandikie, hata mstari mmoja. Unapumua? Miguu je?

Sindano

4 Aprili

Wifi yangu Sindano,

Salamu kutoka kitandani, nyumbani. Naandika nimelala chali, karatasi iko juu ya ubao, ukiona mwandiko umekwenda kombo usianze kuurekebisha.

Kaka yako namsamehe, alikuwa analia hata kuandika hawezi. Nilipozinduka waliniambia nichezeshe vidole vya miguu. Vya kushoto vikacheza. Vya kulia havikucheza. Nilivitazama vile vidole kama vya mtu mwingine. Daktari akasema tusubiri, na uso wake haukunipa moyo. Ndivyo ilivyokuwa mpaka kesho yake saa nne asubuhi, muuguzi alipokuwa ananikunjulia shuka, kidole gumba kikaruka. Muuguzi alipiga vigelegele wodi nzima ikaamka. Sasa natembea kutoka kitandani hadi mlangoni mara sita kwa siku, kwa miguu yote miwili. Napumua mpaka chini kabisa, sikujua mapafu yana chini. Na nimerefuka sentimita nne, wifi! Juzi nilisimama mbele ya kioo cha bafuni nikaona shingo yangu, kichwa kimepita juu. Siku ya tatu niliwatukana watu saba. Mpe mama wa sokoni shukrani zangu.

Sasa jambo ambalo nimekaa nalo wiki mbili. Nilimwuliza daktari, ningekuja miaka kumi iliyopita ingekuwaje? Hakutaka kujibu, nikamkaba. Akasema mgongo ungekuwa bado laini. Sasa ameunyoosha kutoka nyuzi sitini na nane hadi arobaini na moja, na hapo ndipo utakapobaki. Wakati ule labda angeufikisha ishirini. Na sehemu ya pafu iliyobanwa haitarudi yote.

Nilikusudia kukuficha. Nilikwisha kuandika barua nyingine, nzuri, isiyo na habari hizi, ili usiumie. Nilipotaka kuifunga bahasha nikashtuka nikiwa na ulimi nje, sijalamba gundi, kwa sababu niliona ninachofanya. Nimeichana. Basi umeambiwa. Najua itakuuma, na mimi bado nina hasira, kuna asubuhi naamka nayo kabla ya maumivu. Ikiisha nitakwambia imeisha.

Lakini namtaka mtu wa kuniogesha. Mwezi mzima mwingine siruhusiwi kuinama wala kujipinda, na kaka yako akifika mgongoni anafumba macho, sabuni inabaki. Jirani nimemkataa. Miaka kumi na minne umenipima juu ya shumizi, mgongo wenyewe hujawahi kuuona. Kovu linaanzia chini ya shingo mpaka kiunoni, na linatisha.

Njoo Jumamosi. Ukiona kitu, sema.

Wifi yako,
Bibi Kimya