Sifuri Sita kwenye Kadi ya Mwanangu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Bagamoyo, 13/03/2025
Jina: Bwanausi Issa Abdillah. Umri: miaka 21. Kazi: kinyozi. Elimu: kidato cha pili, sikumaliza. Makazi: Kaole.

Mimi ndiye kinyozi bora kuanzia Mapinga hadi Mbegani, afande, na hilo liandike. Hata wenye upara wakitoka kwangu wanatafuta kitana. Uso wa mtu nausoma: mteja akikunja nyusi, najua wembe umemuuma kabla hajasema.

Mnamo tarehe 11/03/2025, saa tatu asubuhi, nilikuwa wodi ya vichanga na mwanangu wa siku nne, aliyepasuliwa jana yake utumbo. Mke wangu, Esha, alikuwa bado amelazwa wodi ya wazazi.

Pale madaktari walikuwa wanalinganisha dawa mbili za maumivu kwa vichanga waliopasuliwa. Moja kibandiko kijani, nyingine chekundu. Sista Zuleha alinipa kadi, kila saa nitazame uso, mikono, miguu na kilio, niandike alama. Zikifika nne, anaongeza dozi. Akasema, "Baba, usisikilize kilio tu. Wengine hawana nguvu ya kulia."

Mwanangu kijani, nami shabiki wa Yanga, timu ya rangi hiyohiyo. Kitanda cha jirani binti wa Nirav mwenye duka la vyombo, nyekundu, naye Simba damu. Saa nne binti akalia, Nirav akaandika tano. Nikamwambia, "Tano tena, kama mabao tuliyowafunga? Hamjazoea tu?" Akacheka. Binti akaongezewa dozi, akalala. Mimi nikaandika sifuri: "Kijani hatufungwi!"

Sista alikuwa peke yake, vitanda kumi na viwili. Akipita anasoma kadi, anaendelea.

Saa sita Nirav hakucheka. "Ndugu yangu, mtazame mwanao usoni." Nikamjibu, "Wivu huo. Dume la Kaole halilii."

Saa tisa daktari alimshika mtoto akasema amekuwa na maumivu tangu asubuhi. Nikapiga kelele mbele ya watu kuwa Sista kauza dawa. Siku hiyohiyo, hapa kituoni, nikasema kadi aliijaza yeye. Mtoto sasa ananyonya. Sista yuko mahabusu siku ya pili. Leo nikipita kaunta aliniuliza, "Baba, mtoto anapata usingizi?" Nikaja moja kwa moja mezani kwako.

Afande, sifuri zote sita ni zangu. Ya saa tatu ilikuwa kweli. Kuanzia saa nne nyusi zake zilikuwa zimekunjana. Niliziona, nikaandika sifuri.

Nimesomewa niliyosema, sina la kupunguza.

Sahihi: B. I. Abdillah

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Sophia, saa 4:40 asubuhi. Shahidi ameandika sifuri sita mbele yangu. Zinafanana na za kwenye kadi.