Jina la Vaida, Dirisha la Pili

Šilagiris, 14 Januari 2019

Mwanangu Gintė,

Hujambo mama? Mimi sijambo, ila goti linanisumbua kwa baridi hii. Theluji imefika dirishani na paka wako hatoki nje hata kwa fimbo. Kifua chako kimepona?

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kompyuta nimeitazama vya kutosha leo. Ushirika wetu wa akiba na mikopo unabadilisha mfumo. Ule wa maandishi ya kijani, tuliokaa nao miaka ishirini na miwili, unazimwa mwisho wa mwezi, na huo mpya ni wa kampuni yenu. Meneja wetu, Bwana Remigijus, amenichagua niwaongoze wenzangu, eti kwa kuwa binti yangu anajua kompyuta. Mkufunzi anaongea kama mtu anayekimbilia treni. Akiuliza, "Mmeelewa?" mimi ndiye wa kwanza kuitikia. Gintė, sijaelewa hata ukurasa mmoja. Vaida wa dirisha la tatu anaelewa, lakini nitamuulizaje, mimi niliyemfundisha kazi?

Njoo Jumapili moja unionyeshe. Nitakupikia viazi vya kukuna vyenye nyama ndani.

Mama yako

*

Kaunas, 20 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona. Pole na goti, na usipande ngazi na ndoo.

Kuja siwezi. Vyama kumi na kimoja vinahamia mfumo mpya kwa wakati mmoja, na malalamiko yao yote yanakuja mezani kwangu. Nimekuwekea humu karatasi nne za maelekezo. Usiogope, mama, ni kubofya tu, mtu yeyote anaweza.

Jambo moja, tafadhali. Usiwaambie wakufunzi wetu kwamba mimi ni mwanao. Wakirudi kutoka huko kwenu huwa wanawaigiza wafanyakazi wa madirishani, hasa wa umri wako, na mimi nakaa nao meza moja.

Binti yako

*

Šilagiris, 12 Februari

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi nipo. Sijamwambia mtu kwamba wewe ni wangu.

Tumehamia mfumo mpya. Siku ya kwanza foleni ilifika barabarani. Na limetokea jambo. Mzee Klemensas, yule mfuga nyuki aliyekuwa akikupa masega ya asali, ameandikwa marehemu kwenye mfumo. Dukani kadi yake ikakataa, mkate ukiwa tayari mkobani, na watu nyuma yake wanatazama. Pensheni yake nayo imerudishwa ilikotoka. Akaja kwetu, akavua kofia, akasema, "Nimekuja kuuliza nimekufa lini, na mazishini kwangu walikuja wangapi." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Wamegundua aliyemwandika ni Vaida. Ameondolewa dirishani, anapanga mafaili chini kwenye ghala. Sina zaidi. Vaa soksi za sufu.

Mama yako

*

Kaunas, 24 Februari

Shikamoo mama,

Hali yako? Mimi mwili hauna shida.

Kabla barua yako haijafika, swali la meneja wako lilikuwa limeshafika mezani kwangu: nani alimwandika Klemensas marehemu? Nikafungua kumbukumbu za mfumo. Jina ni la Vaida. Lakini mashine ni ya dirisha la pili, na dakika ishirini kabla ya hapo jina lako lilikuwa limefungiwa kwa kukosea neno la siri mara tano. Dirisha la pili ni lako tangu nikiwa darasa la kwanza.

Nilimjibu alichouliza tu. Nikampa jina, mashine sikuitaja. Halafu nikaenda kunywa kahawa na wenzangu.

Niambie nimesoma vibaya.

Binti yako

*

Kaunas, 17 Machi

Mama,

Shikamoo. Wiki tatu sasa. Simu unapokea, unanieleza habari za paka, unakata. Paka sikumuuliza. Niandikie.

Binti yako

*

Šilagiris, 2 Aprili

Mwanangu Gintė,

U hali gani? Usiniulize yangu. Barua hii nimeichana mara nne.

Hukusoma vibaya. Jina langu lilipofungiwa, na foleni inanung'unika, Vaida aliinama akaninong'oneza, "Tumia langu, mama Gintė, watu wanasubiri." Klemensas alikuwa amehamia kwa dada yake ng'ambo ya mto. Nilitaka kubofya "amehama", nikabofya mstari ulio chini yake. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Siku ile kila kitu kilikuwa kinaniuliza kama nina uhakika. Nikabofya ndiyo.

Klemensas alipovua kofia nilijua papo hapo. Nikaendelea kugonga mihuri. Mjini wakaanza kumwita Vaida "yule aliyemzika Klemensas". Kanisani mwanamke mmoja alimwambia, "Usinitazame, dada, mimi bado nataka kuishi." Mimi nilikuwa benchi la nyuma yao. Nikafungua kitabu cha nyimbo.

Jana nilikwenda kwa meneja, nikaomba wenzangu wote waitwe, na Vaida apandishwe kutoka ghalani. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Kisha nikaweka mezani barua ya kuacha kazi. Bwana Remigijus akaisoma, akanirudishia.

"Kuondoka ni rahisi, Danguolė. Utabaki, utajifunza, na lile onyo alilopewa Vaida litaingia kwenye faili lako."

Wenzetu wakatoka, tukabaki mimi na Vaida. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Kuazimana majina ni kosa la kufukuzwa. Nilihofu tungetoka wote," alisema. "Halafu nilijua utasema mwenyewe." Akawa anavaa koti. "Wiki saba, mama Gintė. Kila asubuhi ulikuwa unashuka kuniletea chai. Nikisikia hatua zako nasema, leo ndiyo leo. Unaweka kikombe, unaniuliza watoto hawajambo, unapanda zako."

Leo mchana nimekwenda kwa Klemensas. Hakunikaribisha ndani. Alisema tu, "Dukani walinitazama kama mwizi," akarudi kwenye mizinga yake.

Mama yako

*

Kaunas, 7 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea chooni ofisini, nikakaa humo mpaka wakaja kugonga mlango.

Nimemwambia bosi kwamba nilijua mashine ni ya nani, na kwamba wewe ni mama yangu. Wenzangu wa mezani walikuwa wanasikia. Mmoja akauliza, "Yule wa dirisha la pili?" Nikasema ndiyo, huyo huyo mliyekuwa mkimwigiza, na mimi nikicheka nanyi. Nimeondolewa kwenye kazi ya vyama vya upande wenu. Wamenionea huruma, mama. Nilistahili adhabu zaidi.

Pasaka nitakuja. Vaida msalimie sana. Mwambie naomba radhi. Wewe una maneno, mimi sijui hata pa kuanzia.

Binti yako

*

Šilagiris, 13 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi tunaendelea. Theluji imeyeyuka, goti limepata nafuu kidogo.

Vaida amerudi dirisha la tatu. Ananifundisha, maana ameamriwa. "Kulia. Siyo huko, kulia." Mama Gintė haniiti tena, ananiita Bi Danguolė. Kosa moja nalirudia mara tatu, namuuliza mara tatu, uso unanichoma, kesho yake namuuliza tena. Jana nimefungua akaunti ya mwanachama mpya kwa jina langu mwenyewe, bila msaada. Dakika arobaini. Yule bwana alimaliza tufaha lake akaanza la pili, lakini hakuondoka.

Karibu Pasaka. Kitanda chako nimekitandika.

Salamu zako kwa Vaida sijazipeleka, wala sitazipeleka. Alikaa ghalani wiki saba kwa kunyamaza kwangu na kwa kunyamaza kwako. Langu nimelisema. Lako ni lako. Anakaa mtaa wa Malūno, nyumba namba tisa, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto. Huwa amerudi saa kumi na moja jioni. Usibebe zawadi.

Mama yako