Mshindi wa Mbio za Mtu Mmoja

Mpendwa Mjomba Gejza wa safu ya ushauri gazetini, naomba msaada wako na unisamehe mwandiko, naandika jikoni na mlango nimeufunga kwa sababu watu wa nyumbani wako sebuleni na jambo lenyewe linawahusu. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa, na kila mwaka siku ya Mtakatifu Stefano, siku inayofuata Krismasi, wazimamoto wetu wa kujitolea wanaandaa mbio za kilomita sita kuzunguka kijiji, na mimi nimeshinda kundi la wanawake wa miaka arobaini kwenda juu mara sita mfululizo, vikombe sita viko juu ya kabati, mume wangu Vendelín anavifuta vumbi mwenyewe, yeye ambaye hajawahi kufuta hata meza, na kila mgeni akija lazima aoneshwe. Sasa Mjomba, ukweli ambao sijamwandikia mtu ni kwamba katika kundi hilo huwa niko peke yangu. Mkuu wa wazimamoto anaita kwenye kipaza sauti nafasi ya tatu, kimya, nafasi ya pili, kimya, halafu mimi napanda ngazi ya juu na huku na huku hakuna mtu, na mwaka jana ili picha isionekane tupu walimsimamisha mama mkwe upande mmoja na upande wa pili wakaweka pampu mpya ya maji. Wifi yangu Otília akaniambia mbele ya watu tukinywa supu ya kabichi, "Wifi, kushinda peke yako ni sawa na kucheza karata na kioo," watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini supu nikaiacha.

Sasa mjini kuna mbio za kilomita kumi, siku hiyohiyo, saa ileile ya nne asubuhi, na mwaka jana wanawake wa rika langu walikuwa thelathini na wanane, nikamwambia Vendelín nataka kwenda, akaweka kijiko chini.

"Draha, hapa wewe ni malkia. Kule unakwenda kuwa wa thelathini na saba. Mimi baa nitaingia na uso gani?"

Nikamwambia huenda nikawa wa thelathini na sita. Hakucheka. Mkuu wa wazimamoto naye anasema nisipokimbia kundi letu litafutwa, nitakuwa nimeua mbio za wanawake wa kijiji kizima, na shoga yangu ananishauri niache zote mbili nikakimbie zile za kufunga mwaka ambazo watu wanavaa kama mbuzi na hakuna anayepima muda. Mwisho wa kujiandikisha mjini ni Ijumaa. Mjomba, nataka kujua kabla sijafika hamsini kama kweli najua kukimbia, ila jibu lenyewe naliogopa. Niingie zipi?

Drahoslava, Jasenovica

Dada Draha,

Swali hili umelileta kwa mwenyewe. Shule niliiacha darasa la nane, lakini mbio za baridi nimezisomea misimu thelathini na moja. Mwaka mmoja baridi ilishuka nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri, jasho likaniganda mgongoni kama gamba la kobe, mke wangu akanibandua kwa nyundo ya kupondea nyama. Kwa hiyo nisikilize.

Vikombe hukuviiba. Wewe ulikimbia, wenzako walikaa nyumbani na keki. Lakini toka mwaka wa pili ulijua, ukanyamaza miaka minne mingine, kwa sababu kikombe kitamu. Hapo nakugombeza, na mimi ninavyo tisa vya namna hiyohiyo.

Za mbuzi nenda ukipenda, supu yao nzuri, ila hazitakujibu swali lako. Mkuu wa wazimamoto mwambie kundi linalokufa mtu mmoja akiondoka lilishakufa zamani, wewe ulikuwa unalibeba tu. Amwandikishe Otília. Mdomo tumeusikia, sasa tuone miguu. Na Vendelín ataingia baa na uso aliozaliwa nao.

Nenda mjini. Nilipofika arobaini na nne, na vikombe vyangu tisa, nilikwenda mbio kubwa nikawa wa mia mbili na kumi na mbili, nyuma ya padri aliyevaa buti na mama anayesukuma kigari cha mtoto. Nilikaa ndani ya gari saa nzima, sikutaka kuonekana. Mwaka uliofuata nilirudi, nikawa wa mia moja tisini na nane. Wale kumi na wanne ninawajua kwa majina mpaka leo, na padri yumo. Lakini niulize kwenye vikombe vyote tisa nilimpita nani, sina jina hata moja.

Basi fanya hivi. Jiandikishe leo, usingoje Ijumaa. Krismasi kula saladi ya viazi sahani moja, si tatu. Barafu ikiwepo, vaa soksi za sufu juu ya viatu, watakucheka mpaka waanze kuanguka. Kilomita mbili za mwanzo nenda polepole, waache wenye haraka waende.

Kwenye kilomita ya nane kuna kilima. Utamkuta mzee mwenye kofia nyekundu anatembea, ameshika kiuno, anasingizia kamba ya kiatu. Ni mimi.

Nipite.