Pua Kwenye Mfupa

Dada yangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Shemeji hajambo, na wapwa zangu watundu hawajambo? Na Mama je, goti lake linampa nafasi ya kutembea? Sisi huku tunakula na kulala, ingawa usingizi wangu siku hizi ni wa kuviziavizia. Nimeacha kukupigia simu makusudi, maana nyumba yetu ni ndogo na wifi yako ana masikio ya popo. Kwa hiyo nimefunga bucha mapema, nimekaa hapa karibu na gogo la kukatia nyama, naandika. Ukiona alama za mafuta kwenye karatasi usishangae, unajua wapi zimetoka.

Nina hofu, Dada. Nalisema mapema usije ukadhani nimekuandikia kujisifu. Katika kile chumba cha nyuma ambako Baba alikuwa akiweka magunia ya chumvi, sasa kuna friji, na ndani yake umening'inia mgongo wa ng'ombe na mbavu zake, mzimamzima, kwa wiki kadhaa. Kuna mpishi wa hoteli kubwa hapa mjini aliyeniomba nimlazie nyama ikomae, kwa sababu wageni wake wanaipenda laini na yenye ladha nzito. Jumamosi hii inaliwa. Ikiwa nzuri, nimepata mteja wa kudumu. Ikiwa imeharibika, watu watalazwa hospitalini, na bucha aliyotuachia Baba itafungwa mikononi mwangu.

Friji yenyewe niliinunua kwa mtu aliyekuwa akiuzia soda. Fundi wa friji alinisaidia kung'oa rafu na droo zote, tukapitisha bomba la chuma juu kutoka ukuta hadi ukuta, nikatundika kulabu. Nilimwambia nyama haitafungwa kwa nailoni wala kitambaa, itakaa uchi. Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa. Nikamweleza kwamba ngozi ya juu inatakiwa kukauka iwe ngumu na nyeusi, kisha inakatwa na kutupwa, na ya ndani ndiyo inayoliwa. Akasema kazi yake ni kutengeneza friji, hayo mengine ni yangu na Mungu wangu. Tukaweka feni ndogo ya kuzungusha hewa, sinia la chumvi chini ili inyonye unyevu, na kipimajoto mlangoni. Mpira wa mlango ulikuwa umechoka, nikaubadilisha. Nyama isiguse ukuta, mlango usifunguliwe ovyo, feni isizimike. Hapo ndipo usingizi uliponihama. Umeme ukikatika mchana, nauza nyama huku moyo uko chumba cha nyuma. Feni ikibadilisha mlio kidogo, naacha mteja na mzani wake, nakimbia. Wateja wameanza kunitania kwamba nimeficha mke wa pili.

Lakini kipimajoto hakitoshi, na hilo tulifundishwa sote wawili. Unakumbuka Baba alivyokuwa akitushika shingo, anatuinamisha mpaka pua zinagusa mahali mfupa unapokutana na nyama. Alisema nyama inaweza kuwa nzuri juu, nzuri kila upande, kumbe kwenye mfupa imeshaanza. Hakuuza kipande chochote kabla ya pua kwenda kwenye mfupa. Wewe ulikuwa hodari kuliko mimi, ulikuwa unamwambia mpaka ng'ombe amechinjwa lini.

Basi kila asubuhi nimekuwa nikimwita wifi yako aje anuse. Najua utauliza, muuza nyama mzima anamwita mkewe amnusie kwa nini. Subiri, nitafika huko. Mwanzoni alikuwa akisema haina neno, anarudi jikoni kwake. Wiki iliyopita akaingiza kichwa, akakichomoa mbio, akakimbilia uani kutapika. Niliuona mgongo ule wote ukienda jalalani, na jina letu nyuma yake. Nilikuwa nimeshaanza kuufungua kwenye kulabu nilipomsikia anatapika tena, na safari hii alikuwa amenusa sabuni ya kufulia. Jioni akaikataa chai. Kesho yake akalikataa shati langu, nikiwa nimelivaa. Nesi wa zahanati akatufafanulia jambo. Utakuwa shangazi, Dada. Tumengoja mno mpaka tulikuwa tumeacha kulitaja, na sasa limekuja. Nilifurahi nikalia machozi mbele ya nesi. Ila niseme ukweli, wakati nalia, upande mmoja wa akili ulikuwa unasema kwamba pua niliyokuwa nikiitegemea katika nyumba hii haisemi kweli tena. Kwake yeye sasa kila kitu kinanuka.

Nikakosa la kufanya, nikamwomba mpishi mwenyewe aje aikague kabla ya siku. Alikuja leo asubuhi. Alikata kipande cha ngozi nyeusi, akainama, akaweka pua kwenye mfupa, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikaanza kuomba dua kimoyomoyo. Alipoinuka alikuwa anatabasamu. Alisema inanukia karanga zilizokaangwa kwenye siagi, na kwamba hajawahi kupata nyama kama hii hapa mjini. Kisha akanivuta mkono.

"Hebu nusa hapa, fundi, kwenye ubavu huu. Unaisikia?"

Nikainama. Nikaweka pua kwenye mfupa kama nilivyofundishwa, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma.

"Naisikia," nikamwambia.

Sikusikia kitu, Dada. Sisikii harufu yoyote, na si jambo la leo wala la jana. Sikuugua mafua, sikuanguka, sikugongwa kichwa. Ilipungua polepole kama redio inayoishiwa betri, mpaka ikanyamaza. Nimejaribu mafuta ya taa. Nimejaribu kitunguu saumu. Nimejaribu viatu vyangu, na wewe viatu vyangu unavijua. Wifi yako nilimdanganya kwamba pua ya mwanamke ni kali zaidi, akavimba kichwa, akakubali kazi. Mpaka leo hajui.

Sasa nikwambie jambo ambalo wewe hukuliona. Uliporudi kumtazama Baba, ulimkuta mikono inatetemeka, kisu hakishikiki, na jina lako limempotea. Wewe na Mama mkasema ugonjwa ulianzia mikononi, na mpaka leo ndivyo inavyosimuliwa nyumbani. Haukuanzia mikononi. Mimi ndiye niliyekuwa naye hapa buchani kila siku. Ulianzia puani. Ghafla akaanza kuniita mimi ninuse kwenye mfupa, akisema ni wakati nijifunze kazi, na mimi nikaona fahari. Kisha siku moja maharage ya Mama yakaungua jikoni mpaka yakawa mkaa, na Baba amekaa palepale mlangoni anasoma gazeti lake kwa utulivu. Aliinuka moshi ulipomwingia machoni. Mikono ilifuata baada ya hapo, na kumbukumbu ikaja mwisho.

Kwa hiyo nyama ni nzima, mpishi ataichukua, na mimi sijatulia hata kidogo. Kila nikifungua bucha nanyoosha mikono juu ya gogo, naitazama. Bado imetulia. Naitazama hata hivyo. Nafikiria mtoto anayekuja, kama nitamjua jina.

Jumatatu nitakwenda hospitali, nimeshajilazimisha. Naomba tu daktari aniambie ni jambo dogo. Lakini najua ataniuliza kama kuna mwingine kwenye familia, na hapo nitahitaji jibu lako. Kwa hiyo nakuomba, kabla hujanifikiria mimi, kabla hujalia, nenda jikoni. Mwambie shemeji akufunge macho kwa kanga, akusogezee kahawa, kisha karafuu, kisha sabuni, bila kukuambia ni nini. Kisha uniandikie ukweli. Usiandike la kunifurahisha.

Mama usimsomee barua hii. Akiuliza nimesema nini, mwambie anapata mjukuu, atasahau kuuliza mengine. Wapwa zangu wabusu mashavuni, na shemeji mshike mkono kwa niaba yangu. Wifi yako anakusalimu kutoka kitandani, na anasema ukija uache marashi yako huko huko.

Ni mimi mdogo wako, ninayeomba kwa moyo wote uwe umeisikia ile karafuu.